Adili, Manyani na Mabamba ya Udongo: Hadithi ya Ajabu ya Mtoto Imtumikie Nani?

Fasihi ya watoto haijapata nafasi inayostahili katika mijadala yetu ya itikadi. Tunapima riwaya za watu wazima, tunabishana juu ya tamthiliya na ushairi, lakini hadithi anayosomewa mtoto wa miaka kumi tunaiacha ipite kama mchezo wa jioni. Hilo ni kosa la kinadharia na ni kosa la kisiasa pia. Kabla mtoto hajajua neno tabaka, hadithi imekwisha kumwambia nani huamuru na nani huamriwa. Kabla hajajua neno haki, imekwisha kumwonyesha kama haki huletwa na mfalme mwema, na jini mwenye nguvu, au na watu wenyewe.

Katika makala haya tunahakiki hadithi moja ambayo vizazi vya wanafunzi wetu vimeisoma: *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Tumeichagua kwa sababu ni hadithi ya safari na maajabu: majini, mji uliogeuka mawe, binadamu waliogeuka wanyama. Tumeichagua pia kwa sababu chimbuko lake liko mbali na Vibambani, Tanga, alikozaliwa mwandishi mwaka 1909. Liko katika nchi ya mito miwili, Tigris na Frati, ambayo leo ni Iraki. Na tunaisoma tukiwa na mtoto mmoja akilini: mtoto wa Genkuru, kwenye bonde la Mto Mara, ambako Tarime inatazamana na Serengeti.

HADITHI ILIVYOTUFIKIA

Hadithi za Iraki si ngeni kwetu. Abunuwasi, yule mjanja anayewatia masultani aibu katika hekaya zetu, anabeba jina la mshairi halisi, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad katika enzi ya Harun al-Rashid na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Wafanyabiashara, mabaharia na walimu wa dini walivusha hekaya hizo baharini. Wasimulizi wa pwani wakamvua mshairi joho lake la ikulu na kumfanya mtu wa mitaani. Alfu Lela Ulela nayo ikaja kwa njia hiyo ya mdomo, kisha katika miaka ya 1920 ikachapishwa kwa Kiswahili chini ya usimamizi wa wakoloni kwa ajili ya shule.

Kiini cha *Adili na Nduguze* kimo humo. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye kila usiku huwapiga mbwa wawili kisha hulia nao. Mbwa hao ni ndugu zake. Shaaban Robert alikichukua kisa hicho, akaondoa Basra na kuweka Janibu, akamwondoa Harun al-Rashid na kumweka Mfalme Rai wa Ughaibu, na mbwa wakawa manyani. Ndugu wawili akawaita Hasidi na Mwivu, ili hata mtoto asikosee kuwatambua.

Wako watakaosema kwamba kazi iliyoazimwa haiwezi kuwa yetu. Hatukubaliani nao. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alipoifasiri tamthiliya ya Shakespeare juu ya wafanyabiashara wa Venisi aliiita *Mabepari wa Venisi*. Kwa neno moja tu la jina aliifanya kazi ya kigeni iongee na Tanzania ya 1969. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima bila kuchagua. Basi swali letu ni hili: Shaaban Robert alichagua nini, na aliacha nini?

NANI ANAFANYA KAZI KATIKA JANIBU?

Tuanze pale hadithi yenyewe inapoanzia, yaani kwenye kodi. Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kwa shughuli ya kodi. Huko ndiko anakoona siri ya usiku: mtawala mwema, anayesifiwa kwa haki, anashika kiboko na kuwapiga manyani wawili, kisha anawabembeleza kwa machozi. Siri hiyo inamfikia mfalme, Adili anaitwa, na hapo ndipo anaposimulia maisha yake.

Ni ufunguzi mzuri, na fani yake ni ya hali ya juu. Mtoto akisomewa ukurasa ule halali mpaka ajue manyani ni nani. Lakini mhakiki hana budi kuuliza swali ambalo hadithi hailiulizi: kodi ile ilitoka wapi? Nani alilima, nani alichunga, nani alivua, hata hazina ya Janibu ikajaa? Wavujajasho wa Janibu hawana sauti. Wapo kama mandhari ya wema wa Adili, mfano wa majani katika picha ya simba.

Kisa cha ndugu watatu nacho kinaanzia kwenye mali. Baba anakufa, urithi unagawanywa, wawili wanausafirisha kwenda biashara na kuupoteza, mmoja anabaki na kuuongeza. Anawasaidia, wanapoteza tena. Wanasafiri pamoja, njiani Adili anamwokoa kiumbe anayefukuzwa, naye ni binti wa mfalme wa majini. Wanafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na humo Adili anampata binti mmoja aliye hai. Wivu unawashika nduguze, wanamtosa baharini. Jini aliyeokolewa anamwokoa naye, na wale wawili wanageuzwa manyani. Adhabu ya kila usiku si matakwa ya Adili. Ni amri ya majini, na asipoitekeleza ataadhibiwa yeye.

Mwandishi anatuambia kwamba chanzo cha msiba ni tabia: uhasidi na wivu. Lakini hadithi yenyewe, ikisomwa kwa makini, inatuambia zaidi ya anayotaka kusema mwandishi. Chanzo ni mali iliyogawanywa vipande vitatu, kila mtu akaenda na chake. Ndugu waliokula chungu kimoja wakawa washindani sokoni. Wivu haukushuka kutoka mbinguni. Uliota mahali palipolimwa. Huu ndio upungufu mkuu wa mtazamo wa udhanifu: unaliona tunda na kulilaani, lakini hauutazami mti.

Hata mji wa mawe unaonyesha hivyo. Watu wote wameadhibiwa pamoja kwa ukaidi: wakubwa na watumwa wao, wauza duka na wapagazi wao. Mfalme wa mji ule alikuwa na sauti ya kuchagua; mpagazi hakuwa nayo. Adhabu ya jumla namna hii inaficha tofauti ya matabaka kwa kuyagandisha yote katika jiwe moja.

ALICHOGEUZA SHAABAN ROBERT

Hata hivyo tungekuwa wahakiki wavivu kama tungeishia hapo na kumpiga mhuri mwandishi kuwa ni mtumishi wa mabwanyenye. Kitabu kilichapishwa mwaka 1952, miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa, chini ya serikali ambayo Shaaban Robert aliitumikia akiwa karani kwa miaka mingi. Mtu hawezi kudaiwa kuandika Azimio la Arusha miaka 15 kabla ya Azimio lenyewe. Anapimwa kwa hatua aliyoipiga kutoka pale alipokuwa.

Na hatua aliipiga. Katika kisa cha Basra, ndugu wale wawili wanarudishiwa ubinadamu, wanarudia uovu wao, na mwisho wao ni kuuawa. Kwa Shaaban Robert wanatubu, wanasamehewa, wanapokewa tena katika jamii. Hili si jambo dogo. Hadithi ya kale inasema mtu mwovu habadiliki, basi dawa yake ni kifo. Hadithi ya Shaaban Robert inasema aliyekosa anaweza kubadilika, na jamii inayompiga kila usiku bila kumpa njia ya kurudi nayo imejifunga katika adhabu. Tazama kwamba anayelia ni anayepiga. Mwandishi ameona, katika lugha ya majini na manyani, kwamba kiboko humdhalilisha hata anayekishika. Kwa watu waliokuwa wakitawaliwa na wakoloni, hilo lilikuwa fundisho zito.

Kinachobaki kuwa kasoro ni njia ya ukombozi. Manyani hawaokolewi na watu wa Janibu wala na jitihada yao wenyewe. Wanaokolewa kwa usuluhishi wa mfalme mmoja na mfalme mwingine, Rai kwa upande wa watu na mfalme wa majini kwa upande wa majini. Haki inapita juu ya vichwa vya wananchi kama ndege ya abiria. Wao wanaisikia mlio tu.

MABAMBA YA UDONGO YANASEMA NINI?

Baadhi ya makada watajibu kwamba hayo ndiyo maumbile ya hadithi za ajabu, kwamba ngano za kale haziwezi kuwa na watu wanaojikomboa, maana zilitungwa na makuhani na wafalme. Hoja hii inaonekana ya kimaendeleo, lakini si ya kweli, na ushahidi wake uko katika nchi ile ile ya mito miwili, chini zaidi ya Baghdad na Basra, katika mabamba ya udongo yaliyoandikwa kwa alama za kabari maelfu ya miaka kabla ya Harun al-Rashid.

Chukua utenzi wa Atrahasis, ambao nakala yake maarufu iliandikwa katika karne ya 17 kabla ya Kristo. Unasema kwamba kabla ya binadamu kuwapo, miungu wadogo ndio waliofanya kazi ya suluba. Walichimba mifereji, wakachimba mito yenyewe, huku miungu wakubwa wamestarehe. Baada ya miaka mingi mno waligoma. Walichoma majembe yao moto, wakaizingira nyumba ya mungu mkuu Enlili usiku. Alipotuma mjumbe kuuliza nani aliyeanzisha fujo, walijibu kwamba wote, kila mmoja wao. Ndipo miungu wakubwa wakaamua kuumba binadamu kwa udongo na damu, ili mzigo wa kazi ahamishiwe yeye.

Ndugu msomaji, huo ni mgomo. Tena ni mgomo wenye umoja, maana hakuna aliyemtaja mwenzake. Na mwisho wake ni somo la itikadi kwa darasa zima: tabaka tawala liliposhindwa kuwanyamazisha wafanyakazi wake, halikuiondoa suluba, bali lilitafuta mtu mwingine wa kuibeba. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulielewa hilo bila kamusi.

Chukua pia utenzi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk. Hauanzi kwa kumsifu mfalme peke yake. Unaeleza jinsi alivyowaonea vijana wa mji wake mpaka watu wakalia, na kilio chao ndicho kilichofanya aumbwe Enkidu, mtu wa porini aliyekula majani pamoja na swala, ili awe wa kumkabili mfalme. Wakapigana, kisha wakawa marafiki. Enkidu anapokufa, mfalme anatanga dunia nzima akitafuta uzima usio na mwisho. Analipata jani la kurudisha ujana, na nyoka analila wakati yeye anaoga. Anarudi Uruk mikono mitupu, na kitu pekee anachoweza kumwonyesha mwenzake wa safari ni kuta za mji. Kuta hizo zilijengwa kwa matofali, na matofali yalifinyangwa na watu. Mfalme anakufa, kazi ya mikono inabaki. Mwaka 1992 Ludmila Zeman alikifanya kisa hiki kuwa vitabu vya picha kwa watoto. Basi haiwezekani kusema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa watoto.

Hatupaswi kusahau mabamba haya yalivyojulikana. Yalichimbwa Ninawi na watumishi wa Uingereza katika karne ya 19, yakapelekwa London, na huko ndiko George Smith alikoisoma habari ya gharika mwaka 1872. Ni njia ile ile iliyoyapeleka Berlin mabaki ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, yaliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 kwa jasho la watu wetu. Mwaka 2003, wakati wa uvamizi wa Marekani, jumba la makumbusho la Baghdad liliporwa. Bamba moja la Gilgamesh lililouzwa kwa magendo Marekani lilirudishwa Iraki mwaka 2021. Mabeberu huiba hadithi kama wanavyoiba madini. Na taifa lisilosimulia hadithi zake hushtuka kuziona kwenye kabati la kioo la mtu mwingine.

MTOTO WA GENKURU

Sasa turudi Genkuru. Genkuru ni mojawapo ya vijiji vinavyopakana na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mtoto wa hapo anakua akiona mlima wa mawe yaliyovunjwa ukipanda juu kuliko mti wowote wa kwao. Anasikia juu ya utajiri ulio chini ya ardhi. Huyo tukimsomea hadithi ambayo mali yake hutoka katika mji wa ajabu usio na watu, bila kumuuliza swali lolote, tunamfundisha nini? Tunamfundisha kwamba dhahabu ni bahati, kwamba ipo pale inamngoja shujaa mmoja mwenye kupendwa na majini. Ni fikra hiyo hiyo inayomtoa kijana darasani kwenda kubahatisha kwenye mabaki ya mawe.

Tena, neno *nduguze* lina uzito wa pekee katika nchi ya Wakuria. Koo za Wakuria zimepigana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya ardhi, na damu iliyomwagika ilikuwa ya watu wa lugha moja. Mtoto anayejua hayo ataielewa hadithi ya Adili kuliko mwanafunzi wa mjini. Ataelewa kwamba ndugu anaweza kugeuzwa mnyama machoni pa nduguye. Ila atauliza, na ana haki ya kuuliza: mbona hawakuitisha ritongo? Kwao jambo kama lile hupelekwa mbele ya mkutano wa watu, pakasemwa na kusikilizwa, wala halingojei mfalme wa mbali aandikiane na mfalme wa majini. Swali hilo la mtoto ni uhakiki bora kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa juu ya kitabu hiki.

Isifikiriwe kwamba tunazipamba mila. Ritongo lina mapungufu yake. Sauti ya mwanamke imekuwa ndogo humo, na kwa jina la mila wasichana wameumizwa kwa ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 iliufanya kuwa kosa kwa walio chini ya miaka 18. Tunachosema ni kwamba mbegu ya kuamua pamoja ipo, na fasihi ya watoto ingeweza kuipalilia kwa kuing'olea magugu.

Tutoe mfano mmoja zaidi. Wakuria wana litungu, ala yenye nyuzi nane na mwili wa mti uliowambwa ngozi. Katika makaburi ya wafalme wa Uru, Leonard Woolley alifukua miaka ya 1920 vinanda vya jamii hiyo hiyo ya ala, vimepambwa vichwa vya ng'ombe dume kwa dhahabu, vya miaka ipatayo 4,500. Hatudai kwamba litungu lilitoka Uru. Tunataka litazamwe jambo lingine. Katika shimo moja la makaburi yale vinanda vilikutwa pamoja na maiti za watumishi 74, waliouawa ili wamfuate bwana wao kaburini. Kule muziki ulizikwa pamoja na wapigaji wake kwa ajili ya mtu mmoja. Huku Mara litungu linasikika arusini na kwenye sherehe, na mpigaji anamtania mkubwa na mdogo. Mtoto akizielewa tofauti hizo mbili ameielewa historia ya utamaduni, na hajasoma bado neno *ukabaila*.

KUJIKOSOA

Haitoshi kumkosoa marehemu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962 na hawezi kutujibu. Lawama kubwa ni yetu. Sisi walimu na makada ndio tuliokigeuza kitabu hiki kuwa orodha ya maadili: Adili ni mwema, Hasidi ni mbaya, Mwivu ni mbaya, andika mafunzo manne. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilidai akili inayouliza. Sisi tukaipa akili inayokariri, tukaona tumejenga itikadi kwa sababu majibu ya mtihani yalifanana. Wale wanaotaka hadithi za ajabu ziondolewe shuleni kwa kuwa ni ndoto, na wale wanaozifundisha kama amri, wote wamefanya kosa moja: hawamwamini mtoto.

HITIMISHO

Hatusemi kwamba *Adili na Nduguze* iwekwe kando. Isomwe, na isomwe Genkuru kabla ya mahali pengine. Lakini isomwe kwa maswali matatu: nani anafanya kazi, nani anaamua, na mabadiliko yanaletwa na nani? Hadithi nzuri haiogopi maswali hayo. Hii itajibu moja kwa aibu, la pili kwa kusitasita, na la tatu itatupa angalau nusu ya jibu, kwa kuwa imekubali kwamba aliyegeuzwa nyani bado ni ndugu.

Kwa waandishi vijana tunatoa kazi. Utenzi wa wachimba mifereji waliochoma majembe haujawafikia watoto wetu ipasavyo kwa Kiswahili. Uchukueni kama Shaaban Robert alivyochukua kisa cha Basra, lakini muuvushe Mto Mara. Acheni majini wawepo, nyoka aseme, mji ugande uwe mawe. Kisha wagandue watu wake, mmoja mmoja, na kabla shujaa hajafungua kinywa muwaulize wao wenyewe nini kiliwapata. Pale mtoto wa Genkuru atakaposikia jiwe la kwanza likijibu kwa sauti ya mpagazi, tutakuwa tumeanza kuwa na fasihi ya watoto inayostahili jina hilo.